Alichokitafuna Gaudensia

Kuna watu ambao wakiona kitu kimefungwa hupita zao, na kuna Gaudensia. Huyu mama wa kijiji cha Maretadu akiona kitu kimeshonwa, kimefumwa au kimesukwa, vidole humwasha mpaka ajue kilianzia wapi na kiliishia wapi. Akiwa darasa la tatu alifumua sweta lake la shule, wala si kwa utundu. Alitaka tu kuona mfumaji aligeuzaje pale kwapani. Aliona, akachapwa, akatembea na baridi ya Juni mgongoni mpaka sweta jingine lilipopatikana. Mama yake alipomuuliza kama sasa amepata funzo, alijibu kwamba ndiyo, kwapani wanapunguza vitanzi.

Na shanga nazo ziliingia kwenye maisha yake kwa mlango huohuo. Siku moja, bado msichana, alifuatana na baba yake mnadani Katesh kuuza mbuzi. Akamwona mama mmoja wa Kibarbaigi aliyevaa bangili pana ya shanga, imebana mkono vizuri kama vile iliota hapo. Gaudensia aliacha mbuzi, akaifuata ile bangili mnada mzima, kwenye chumvi, kwenye mitumba, kwenye nyama choma, hadi yule mama akageuka na kumuuliza kama ana deni lake. Akamwamkia kwa adabu zote, kisha akamwomba amwonyeshe upande wa ndani. Upande wa ndani! Watu wote husifia shanga kwa nje, huyu alitaka kuona uzi unapita wapi. Mama wa watu alicheka, akaivua, akampa aigeuze anavyotaka. Gaudensia hakulijua jina lake, lakini mpaka leo humtaja akisali.

Leo amekuwa mtu mzima, mvi zimeanza kuchungulia, na binti yake wa kwanza, Violeth, amechumbiwa. Kazi yake ni ile ya kila mtu wa huko, mahindi na maharage, pamoja na ng'ombe ambao mumewe Agustino anawajua kwa majina na tabia kuliko anavyowajua wajomba zake. Shanga ni za alasiri. Hukaa kwenye kigoda barazani, ungo mapajani, na ndani ya ungo kipande cha blanketi kuukuu ili shanga zisibiringike. Hulowesha ncha ya kidole, akazigusa, zikanata, akazitia kwenye sindano. Mstari wa kwanza ni wa kutunga tu. Kuanzia wa pili, kila ushanga unakaa kwenye pengo kati ya shanga mbili za chini yake, kama matofali ukutani, na uzi unapita ndani ya ushanga wa mbele kabla ya kuokota mwingine. Basi, hakuna uchawi. Mtu mwenye subira anaweza kujifunza kati ya chakula cha mchana na saa ya kukamua, mradi akubali kukosea.

Alianza kwa nyuzi alizochomoa kwenye magunia. Siku hizi anatumia nailoni, anainunua kwa Sauda, mwanamke mwenye duka la urembo na vikorokoro pale Dongobesh, ambaye pia humsaidia kuuza bangili anazosuka. Majirani wanamtania kwamba anafumua kuliko anavyosuka, na ukweli ndio huo. Kila bangili yake unayoiona sokoni imeshasukwa na kubomolewa mara kadhaa kwa sababu tu aliamka asubuhi akijiuliza, je, nikipitisha uzi huku, itakuwaje?

Mtu mmoja hakuipenda kabisa tabia hiyo, naye alikuwa mama mkwe wake, Bibi Hilaria.

Bibi Hilaria anakaribia miaka themanini. Anaishi ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba ambayo Agustino alizaliwa, na anaongoza jumuiya ya sala kwa mkono wa chuma. Kwaresima kwake si ya kuchezea. Anafunga yeye, na anahakikisha na wewe umefunga. Hamchukii Gaudensia, nisimsingizie. Ila huitazama mikono ya mkwewe jinsi unavyomtazama mbuzi aliyesogea karibu na bustani ya mboga.

Kwaresima hiyo ilikuwa bado changa alipovuka korongo, gauni limelowa matope ya mvua chini, mkononi kifurushi cha kitenge. Gaudensia akainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akafungua kile kitenge. Ndani kulikuwa na ukanda wa shanga, upana wake kama kiganja, nyeupe na bluu, na katikati nyekundu nzito isiyouzwa tena madukani. Zamani mama yake Hilaria aliusuka kwa mkono wake, akaushona kwenye sketi yake ya ngozi. Ngozi ilikufa, shanga zikabaki. Sasa upande mmoja panya walikuwa wameushughulikia, shanga zinadondoka.

"Violeth atauvaa siku ya sendofu yake, baada ya Pasaka," alisema bibi. "Nataka utengeneze hapa palipoliwa. Hapa tu. Usifumue."

"Sawa, mama."

"Nakujua, mama Violeth. Usifumue hata ushanga mmoja zaidi ya zilizoanguka. Mama yangu hakuniachia kitu kingine duniani, ni huu tu. Ukiharibika, usiniletee maelezo."

Gaudensia akaupokea kwa mikono miwili. Na kwa kweli, tumtendee haki, alikuwa na nia ya kutii. Alipobaki peke yake aliugeuza kutazama upande wa ndani, lakini hilo si kufumua. Akaona usukaji ni uleule anaoujua, ushanga kwenye pengo, matofali yaleyale. Akashusha pumzi. Kazi ya alasiri moja, alijisemea.

Kumbe! Shanga za zamani zilikuwa na matundu madogo ajabu. Sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo ilipita mara ya kwanza, na mara ya pili, uzi ulipotakiwa kurudi mlemle, ikagoma. Alipoilazimisha, ushanga mmoja mwekundu ukapasuka vipande viwili. Alikaa ameushika mkononi kwa muda mrefu. Akaacha sindano, akajaribu nailoni tupu. Ikapita, akamaliza kipande, na kile kipande kikajikunja kama jani la mahindi lililokosa mvua. Akalegeza uzi, kikawa kinaning'inia, mapengo nje. Akakaza, kikajikunja tena. Pembeni yake kazi ya marehemu ilikuwa imelala tuli, imenyooka, kana kwamba inamcheka.

Usukaji ni huohuo na shanga ni hizohizo. Kwa nini, sasa?

Ndugu yangu, swali kama hilo kwa Gaudensia ni ugonjwa. Maharage yaliungua jikoni. Agustino alimweleza habari za ng'ombe aliyekuwa anachechemea, naye akaitikia "pole" mahali pa "ndiyo". Kesho yake akajiambia atafumua kidogo tu, mistari michache, aone ndani ukoje. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Mistari michache ikawa mingi, na alipokuja kushtuka kipande kizima, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, kilikuwa kimegeuka kuwa lundo la shanga kwenye ungo. Hapo ndipo woga ulipomwingia. Usiniletee maelezo, bibi alikuwa amesema. Na maelezo yenyewe hakuwa nayo.

Akiwa ameinamia lile lundo akaokota uzi wa zamani uliokuwa umesalia. Ulikuwa wa kahawia, mkavu, umetafunwa mwishoni. Akaanza kuwafikiria wale panya. Panya si mjinga. Panya haji usiku kucha kula kitu kisicholiwa. Nailoni yake imekaa kabatini miaka na hakuna panya aliyewahi hata kuinusa. Basi huu uzi una faida gani kwao?

Akaupeleka kwenye kaa la moto. Pamba ikiungua hunuka karatasi, nailoni huyeyuka na kunuka ndoo ya plastiki. Huu ulijikunyata, ukatoa harufu ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa sikukuu ya Krismasi.

"Ni mnyama!" alipiga kelele.

Agustino, aliyekuwa anaingia na kibuyu cha maziwa, akarudi nyuma hatua moja akauliza mnyama yuko wapi.

Alipoelezwa, alicheka, kisha akaunusa ule uzi na kuacha kucheka. Mtu wa ng'ombe ni mtu wa ng'ombe. Akasema hiyo ni kano, ile nyeupe, pana, inayolala kando ya uti wa mgongo. Wazee walikuwa wakifungia mishale kwa kano. Kwamba wanawake nao walisukia shanga, hilo hakuwahi kulisikia.

"Tuchinje mbuzi mmoja?" Gaudensia aliuliza, macho yanawaka.

"Kwaresima?" Agustino alimtazama. "Na mama akiwa ng'ambo hapo? Wewe una roho ngumu."

Hivyo akapanda bodaboda mpaka Dongobesh, kwa Yahaya, mume wa Sauda, mwenye bucha jirani na duka la mkewe. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikuwa zimekutana, na Yahaya alikuwa amekaa mbele ya bucha midomo imekauka, anasubiri wateja wa futari.

"Mama Violeth, hebu tuelewane," alisema alipomsikiliza. "Mimi nimefunga. Wewe umefunga. Na tumekaa hapa tunazungumzia mgongo wa ng'ombe."

"Si wa kula, kaka yangu. Ni uzi."

"Uzi." Yahaya alimwita mkewe aje asikie. Sauda alikuja, akasikia, akasema kwa kumfahamu Gaudensia anashukuru hajaombwa ng'ombe mzima. Yahaya akachukua kisu, akaivua ile kano taratibu kutoka kwenye nyama, ndefu, inang'aa, akamfungia. Malipo alikataa. Alichotaka ni kuambiwa mwisho wake, maana naye sasa udadisi ulikuwa umemwingia.

Nyumbani Gaudensia aliikwangua nyama, akaianika juu ya bati, na ilipokauka akaipasua kwa kucha. Ilipasuka vizuri mno. Nyuzi nyembamba zilitoka moja baada ya nyingine, kila moja nyembamba kuliko alivyotarajia. Furaha ikaishia hapo. Uzi mkavu aliukunja, ukakatika. Akaloweka mwingine kwenye bakuli la maji, ukavimba, ukateleza kama mlenda, tundu la ushanga ukalikataa. Akapaka mafuta, akajiona mjinga. Siku zikawa zinakwenda. Violeth alipiga simu kutoka Mbulu kuulizia ukanda, na mama yake akamjibu unaendelea vizuri. Mungu amsamehe.

Jibu lilikuja pasipo kutafutwa. Alikuwa na ukanda mkono mmoja, ungo mkono mwingine, kwa hiyo uzi akaushika kwa meno, jinsi anavyoshika nailoni siku zote. Akatafuta ushanga wa bluu, akausahau uzi mdomoni, akaanza kuutafuna bila kujua. Alipouchomoa aliutazama mara mbili. Sehemu iliyokuwa ndani ya mdomo ilikuwa laini, tepetepe, lakini haikuvimba. Na ncha iliyobaki nje ya midomo ilikuwa bado kavu, ngumu, imechongoka. Akaielekeza kwenye tundu la ushanga. Ikaingia yenyewe. Akairudisha mlemle mara ya pili, ikapita tena.

Kumbe uzi ulikuwa na sindano yake!

Alisuka mistari kadhaa akiiacha imelegea, kwa sababu uzi mbichi haukukubali kukazwa, akaondoka kwenda kukamua. Aliporudi, kano ilikuwa imekauka, na katika kukauka imejivuta yenyewe. Mistari imekaza, imelala tuli, hakuna kujikunja. Kazi yake na kazi ya yule mama aliyekufa kabla yeye hajazaliwa zilikuwa zimekutana na huwezi kuona mpaka. Gaudensia alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kutoka hapo alichotaka ni muda tu.

Ndiyo maana Ijumaa alasiri, badala ya kujiandaa kwa Njia ya Msalaba, alikuwa bado barazani, nyuzi zimejaa shavuni, taya linafanya kazi. Pembeni yake kulikuwa na sahani, na juu ya sahani kipande cha kano kilichobaki na nyama kidogo imeng'ang'ania. Eva, jirani yake, akatokea kumpitia waende kanisani.

"Dada, hujavaa? Tunachelewa." Kisha akaona sahani. Akaona na taya. "Unakula nini?"

Gaudensia angeweza kutema. Lakini ncha zote zingelowa na kazi ianze upya, kwa hiyo alinyoosha kidole kuomba asubiriwe kidogo, akatoa sauti ya puani.

"Haya," alisema Eva akirudi kinyumenyume. "Mimi natangulia."

Eva si mtu mbaya, ni mtu asiyeweza kubeba mzigo peke yake. Mpaka kufika kituo cha saba, pale Yesu anapoanguka mara ya pili, waumini wa kigango kizima walikuwa wamejua kwamba mke wa Agustino anakula nyama ya ng'ombe mchana kweupe, Ijumaa ya Kwaresima, tena bila hata kukatisha kutafuna akisalimiwa.

Bibi Hilaria hakungoja baraka ya mwisho. Alifika barazani rozari bado mkononi, anahema.

"Shikamoo, mama," alisema Gaudensia, ameshatema nyuzi kwenye kiganja.

Bibi hakuitikia. Katika nchi ile, mtu mzima asipoitikia shikamoo, jua umeshahukumiwa. Aliitazama sahani. Kisha macho yakashuka kwenye ungo, yakauona ukanda nusu, na lundo la shanga.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisifumue, mama."

"Nilikuambia nini kingine?"

"Nisilete maelezo."

Na hakuyaleta. Aliketi, akachukua uzi mmoja mkavu, akauweka shavuni na kuacha ncha nje ya midomo. Akatafuna, polepole, kwa upande wa kulia. Akauchomoa. Ncha ikaingia kwenye ushanga mwekundu, ikatoka, ikarudi, ikaokota wa bluu. Kisha akauweka uzi wa pili mdomoni.

Ndipo alipogundua kwamba Bibi Hilaria hautazami ukanda. Alikuwa anamtazama taya.

"Rudia," alisema bibi.

Akarudia.

"Huwa unameza?"

"Simezi, mama. Hakuna cha kumeza. Nalainisha tu, uweze kupita."

Bibi Hilaria akashika nguzo ya baraza, akajishusha mpaka chini, sakafuni, yeye ambaye haketi chini kwa mtu. Gaudensia hakuthubutu hata kusogeza ungo.

"Kulikuwa na mwaka wa njaa," alisema hatimaye. "Nilikuwa mdogo. Mdogo wangu nilikuwa nambeba mimi, mwepesi kabisa, hana kitu. Mama alikuwa anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, anatupa mgongo. Nikamchungulia. Nikaona taya lake linacheza."

Gaudensia akaweka chini uzi.

"Nikamwendea, nikamwambia, mama, nipe na mimi. Akasema, si chakula, mwanangu. Ameficha kitu mkononi. Nikasema moyoni, muongo huyu. Anakula nyama kavu peke yake na sisi tunakufa." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono wenye rozari. "Jioni alikuwa anatuletea mtama kidogo kutoka kwa watu. Sikuuliza mtama ameupataje, wala shanga alizokuwa anasuka zilikwenda kwa nani. Mimi nilikuwa nasubiri anipe nyama."

"Mama..."

"Nyamaza, mama Violeth. Nimemsamehe kila Kwaresima. Tangu nimebatizwa. Nakwenda kwa padre, nasema, padre, nimemsamehe mama yangu kwa kile alichotunyima. Na mwaka unaofuata nakuta bado, narudi, nasamehe tena. Amekufa nikiwa namsamehe. Kumbe nilikuwa namsamehe nini?"

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye sahani. Gaudensia alidhani anataka kuiondoa, akataka kumsaidia, lakini bibi aliupita mkono wake, akachagua uzi mmoja mrefu, akautia mdomoni. Meno yalikuwa yamebaki machache, upande wa kushoto. Akausogeza huko, akaacha ncha nje ya midomo kama alivyoonyeshwa, akaanza kutafuna. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walipita kando ya korongo, wakasimama, wakamwona kiongozi wa jumuiya amekaa sakafuni anatafuna kano ya ng'ombe Ijumaa ya Kwaresima. Aliwaona. Aliendelea kutafuna.

"Haina hata chumvi," alisema, na machozi yakaanza kumshuka. "Haina ladha yoyote. Maskini mama yangu, ilikuwa haina kitu kabisa."

Kisha akauchomoa ule uzi, akaupapasa kwa vidole kuona kama uko tayari, akamkabidhi mkwewe ncha kavu ikiwa mbele.

"Umelainika," alisema. "Suka."